Ubao mmoja, wanafunzi arobaini: nani anaifuata pesa ya amali?

Ubao ulikuwa wa mbili kwa nne, urefu futi nane. Mwalimu wetu wa useremala aliutoa stoo Jumatatu ya kwanza ya muhula, akaupeleka kwa kidato cha nne. Wakapima, wakakata, wakatengeneza kiungo, wakakosea, wakakata tena. Kilichobaki kikashuka kidato cha tatu, nao wakapiga randa, wakatoboa, wakaondoa palipoharibika. Wiki ya saba kilipotufikia sisi wa kidato cha pili, kilikuwa kipande kifupi kuliko rula ya ubaoni ya mwalimu wa hisabati, na darasani tulikuwa zaidi ya arobaini. Kila mmoja alipewa nafasi ya kupitisha randa mara mbili, kisha unampisha mwenzako.

Muda uliobaki tulichora. Nilichora randa vizuri sana: mpini wake, kisu chake, skrubu ya kurekebishia, na jina la kila sehemu pembeni. Mtihani ulipokuja uliuliza hayohayo, nikafaulu. Nilimaliza mchepuo wa ufundi sijawahi kutengeneza hata kigoda.

Shule ile siitaji, maana tatizo halikuwa lake peke yake. Mwalimu yule alikuwa fundi wa kweli, na zaidi ya mara moja nilimwona akinunua misumari kwa pesa yake. Lakini ubao ule unanirudia kichwani kila ninaposikia habari za mkondo wa amali, kwa sababu nina hofu kwamba tunaelekea kuukata tena, safari hii mbele ya watoto wengi zaidi.

Kwa ambaye hajafuatilia: Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imeigawa sekondari ya chini katika mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa elimu ya amali, yaani ya ufundi na kazi za vitendo. Anayeingia mkondo wa amali anasoma masomo ya msingi kama wenzake, na juu yake anajifunza fani: umeme wa majumbani, uashi, uchomeleaji, ushonaji, kilimo, mapishi, ufundi magari na nyinginezo. Akimaliza kidato cha nne anatarajiwa kutoka na vyeti viwili, kimoja cha Baraza la Mitihani na kingine cha ufundi stadi kinachotambuliwa na NACTVET, baraza la taifa linalodhibiti elimu na mafunzo ya ufundi. Utekelezaji ulianza Januari 2024, na shule za kwanza zilizoanza nao hazikufika mia, nyingi zikiwa za binafsi.

Nauunga mkono uamuzi huu, na nasema hivyo mapema ili nisieleweke vibaya huko mbele. Kila mwaka zaidi ya laki tano ya vijana wetu wanafanya mtihani wa kidato cha nne. Katika matokeo ya 2022 na ya 2023, zaidi ya nusu walipata daraja la nne au sifuri. Hao ndio wanaorudi nyumbani Novemba, wanakaa barazani mpaka matokeo yatoke, kisha baba anauza mbuzi ili kijana akasome kozi fulani mjini, au anamwambia aingie bodaboda. Miaka minne ya sekondari imepita na mkono haujui kitu chochote ambacho jirani angekubali kukilipia. Serikali iliyoliona hilo ikaamua kulirekebisha imefanya jambo la maana.

Ila fani haifundishiki kwa bei ya historia, na hapo ndipo penye tatizo.

Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, Hazina imekuwa ikituma fedha moja kwa moja kwenye akaunti za shule kila mwezi. Huo ni utaratibu mzuri, na nitaurudia. Ruzuku ya uendeshaji iliyozoeleka kwa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na ndani yake mna sehemu ya vitabu. Chukua darasa la wanafunzi arobaini: ni shilingi milioni moja kwa mwaka. Igawe kwa siku 194 za masomo, unapata shilingi elfu tano na mia moja na ushee kwa siku kwa darasa zima. Kwa somo la historia unaweza kujibanabana ukavuka mwaka, maana chaki ni chaki na kitabu kinapokezanwa. Sasa peleka hesabu hiyo karakana.

Kuchomelea hakufundishiki kwa kutazama. Siku ya kwanza mkono unatetemeka, kijiti kinanata kwenye chuma, mwanafunzi anakivuta, kinakatika. Anaanza upya. Anaposogeza upesi mno, mshono unakuwa na matundu. Anapochelewa, chuma chembamba kinatoboka. Siku nyingi hupita kabla hajashona mstari mmoja ulionyooka, na katika siku hizo kinachotoka mkononi mwake ni chuma kilichoharibika. Uharibifu huo ndio mafunzo yenyewe, wala hauna njia ya mkato. Nenda duka lolote la vifaa, uliza bei ya pakiti ya vijiti na bei ya mche mmoja wa skwea paipu, kisha zidisha kwa wanafunzi arobaini na kwa wiki za muhula. Hapo hujagusa umeme, wala mawe ya grainda, miwani na glavu. Mshonaji naye lazima aharibu vitambaa kabla hajaweza kuweka zipu, na anayejifunza uashi atajenga ukuta, mwalimu ataweka timazi, ataona umelala, atamwambia abomoe. Saruji iliyoganda hairudi mfukoni.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza kila mwenye dhamana si la madarasa mangapi yamejengwa. Namuuliza kila fani imepangiwa shilingi ngapi za vifaa vinavyoisha, kwa mwanafunzi, kwa muhula. Kama jibu ni kiwango kimoja kwa wote, basi hatujapanga. Uchomeleaji, mapishi na ushonaji haviwezi kupewa bei moja, na tukivilazimisha, mwalimu mkuu atafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: ataipeleka pesa kwenye jambo linalolalamikiwa zaidi, yaani chakula, ulinzi au choo kilichojaa, na karakana itabaki na michoro ubaoni.

Wapo watakaosema nchi haina fedha. Lakini hii ni sekta yenye tozo yake maalumu kisheria, jambo ambalo sekta nyingi hazina.

Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1994, ndiyo iliyoiunda VETA, mamlaka yenye vyuo vya ufundi stadi, iliweka tozo ya kuendeleza ufundi stadi ambayo wengi wanaifahamu kwa herufi tatu, SDL. Mwajiri anatozwa asilimia ya jumla ya mishahara anayolipa, na TRA ndiyo inayokusanya. Kiwango kiliwahi kuwa asilimia 6. Mwaka 2013 kikashuka kuwa 5, mwaka 2016 kikawa 4.5, na Julai 2023 kikawa asilimia 3.5. Mwaka 2021 waajiri wenye wafanyakazi chini ya kumi nao wakaachwa nje. Hata baada ya kushuka huko, tozo yetu bado ni nzito ukilinganisha na wenzetu. Afrika Kusini wanatoza asilimia 1, na Kenya mwajiri analipa shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kwa mwezi.

Sasa fuata pesa yenyewe. Kwa utaratibu wa miaka mingi, theluthi moja tu ya makusanyo ndiyo inayoingia kwenye ufundi stadi. Theluthi mbili zinaelekezwa elimu ya juu, kwenye mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Mwenye karakana ya samani mwenye wafanyakazi kumi, na mishahara yake kwa mwezi ikifika shilingi milioni tano, kwa kiwango hicho cha asilimia 3.5 anatoa SDL ya shilingi 175,000. Kati ya hizo, kama 58,000 zinakwenda kumwandaa fundi ambaye kesho angeweza kumwajiri, na karibu 117,000 zinakwenda kwingine. Ukimuuliza kwa nini bado analalamika kwamba vijana wanakuja kwake hawajui kushika msumeno, hesabu hiyo ni sehemu ya jibu.

Sisemi mwanafunzi wa chuo kikuu anyang'anywe mkopo. Ndugu zangu wamesoma kwa mikopo hiyo, na wengi wao wasingefika chuoni bila hiyo. Ninachosema ni kwamba mkopo ni mkopo. Bodi ya Mikopo ina haki kisheria ya kukata asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika mpaka deni liishe, kwa hiyo fedha ile ina njia ya kurudi, na upungufu wake unapaswa kubebwa na Mfuko Mkuu wa Serikali kama jukumu la taifa zima. Anayejifunza uashi hakuwa na mkopo wa kumsubiri. Mikopo iliposhushwa chini ya shahada, mwaka wa masomo 2023/24, iliishia kwenye stashahada za fani chache. Tozo iliyoitwa kwa jina la ufundi stadi ndiyo ilikuwa fungu lake pekee, na sehemu kubwa imekuwa ikimpita.

Rudisheni walau nusu ya SDL kwenye ufundi. Fungueni ndani yake dirisha la sekondari za amali, kwa sababu sheria ya 1994 ilitungwa tukiwa tunafikiria vyuo vya VETA, na leo fani hizohizo zinafundishwa na mwalimu wa sekondari aliye chini ya halmashauri. Kijana anayechomelea kwenye sekondari ya kata na anayechomelea chuoni wanaandaliwa kwa cheti cha familia moja. Mfuko wa tozo hiyo nao uwatambue wote wawili.

Kuna watu wazima watakaosoma haya na kusema tulishapita hapa. Ni kweli, na ni vizuri tukumbushane, maana tunayo historia ndefu kuliko tunavyojipa.

Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967. Miaka ya mwanzo ya 1970 sekondari zikawekewa michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansikimu. Shule za ufundi zilizorithiwa na zilizoongezwa, Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Iyunga, Bwiru na Musoma, zilikuwa na heshima yake. Mpaka leo ukikutana na mhandisi mzee aliyepita Ifunda au Moshi atakutajia mwalimu wake wa karakana kabla hajakutajia profesa wake. Chini yao vikaanzishwa vituo vya ufundi kwa waliomaliza darasa la saba bila kuchaguliwa, kwa ajili ya useremala na uashi hasa. Vingi kati ya vituo hivyo viliishia kuwa majengo tu: zana zilichakaa hazikubadilishwa, mbao hazikuletwa, fundi mwalimu akahama.

Mwaka 1985 Benki ya Dunia ikachapisha utafiti wa George Psacharopoulos na William Loxley uliozilinganisha Colombia na Tanzania kuhusu jambo hili hasa, sekondari zenye michepuo. Waliona kwamba michepuo kama ya ufundi na kilimo inagharimu zaidi kuliko masomo ya kawaida, na kwamba wahitimu wake hawakuonekana kupata nafuu kubwa katika ajira. Kwa miaka mingi utafiti huo umesomwa kama hukumu: achaneni na ufundi sekondari, fundisheni hesabu na lugha, ufundi utajifunzwa kazini. Wafadhili wengi waliusoma hivyo na nchi nyingi za Afrika zikafuata.

Mimi nausoma kama onyo la bei. Ufundi unagharimu zaidi, sawa. Ukiipokea kauli hiyo kisha ukaulipia kama somo la kawaida, utapata mwanafunzi aliyetumia saa zake za hesabu na Kiingereza kuchora randa, hajui hesabu vizuri na wala hajui kutengeneza kigoda. Hasara yake ni mara mbili. Ndugu zetu wa Kenya walionja hali hiyohiyo na mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985: masomo ya vitendo yaliingizwa kwa wingi, karakana na vifaa wakaachiwa wazazi wavichangie, na baada ya miaka kadhaa masomo hayo yakapunguzwa. Wazo lilikuwa zuri, ila halikuwa na mlipaji.

Serikali ya sasa haiwezi kulaumiwa kwamba haijengi. Mpango wa vyuo vya VETA 64 vya wilaya na kimoja cha Mkoa wa Songwe ni mkubwa kuliko chochote tulichowahi kukifanya katika eneo hili, na vipo pia vyuo 54 vya maendeleo ya wananchi vilivyoanza tangu 1975. Nimepita kwenye baadhi ya majengo hayo mapya na nimefurahi. Lakini pia nimeingia kwenye karakana moja ya sekondari, nayo siitaji, nikakuta mashine ya kukata mbao imefunikwa turubai. Nikadhani imeharibika. Mwalimu akaniambia ni nzima, haijawahi kuwashwa. Inahitaji umeme wa njia tatu, na shule ina wa njia moja. Mashine ililetwa na mamlaka moja, umeme ni wa mamlaka nyingine, na barua ya kuomba laini ilikuwa bado inazunguka. Wanafunzi walikuwa wameweka mabegi yao juu ya turubai.

Jengo likikamilika hufunguliwa kwa utepe, na mgeni rasmi hufika. Laini ya njia tatu na pakiti za vijiti hazina sherehe, kwa hiyo hazina mtetezi. Ndiyo maana usimamizi ni muhimu kuliko tunavyoupa uzito.

Usimamizi wenyewe upoje? Sera na mitaala viko Wizara ya Elimu, na mtaala unaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Shule, majengo na walimu viko TAMISEMI kupitia halmashauri. Mtihani wa masomo ni wa NECTA. Ithibati na tuzo za ufundi ni za NACTVET. Wakaguzi wa shule, ambao siku hizi ni wathibiti ubora, wanarudi Wizara ya Elimu. Nidhamu na stahili za mwalimu ziko Tume ya Utumishi wa Walimu. Fedha za ufundi zinakusanywa na TRA, zinagawanywa na Hazina, na zinazofika VETA hazina wajibu wa moja kwa moja kwa sekondari. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hapa nimehesabu manahodha saba au wanane. Kila mmoja anaweza kukuonyesha taarifa nzuri ya eneo lake, na bado mashine ikabaki chini ya turubai, kwa sababu hakuna anayeulizwa kuhusu mashine kufanya kazi.

Hatua moja ilichukuliwa miaka ya karibuni na ninaisifu. Zamani VETA ilitoa mafunzo na wakati huohuo ikadhibiti wanaotoa mafunzo, mchezaji na refa ndani ya jezi moja. Udhibiti ukahamishiwa NACTE, ambayo ndiyo ikawa NACTVET, na VETA ikabaki kufundisha. Vyuo binafsi vililalamika kwa miaka kuhusu hilo, na walikuwa na haki. Kilichobaki ni refa huyo kushuka mpaka sekondari akiwa na kitu cha kupima.

Sasa apime nini? Kwa kawaida mkaguzi anafika, anaomba azimio la kazi, andalio la somo, daftari la mahudhurio na vyeti vya walimu. Karatasi zote zinaweza kuwa safi. Wathibiti ubora wetu wengi ni walimu wazuri wa masomo ya darasani. Ukimwingiza aliyefundisha Kiswahili miaka kumi na tano kwenye karakana ya umeme, atahesabu viti. Simlaumu. Mpeni fundi wa kuongozana naye. Kila wilaya ina mafundi wenye majina, wale ambao ukijenga nyumba unaelekezwa kwao, na VETA ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi wa watu wa aina hiyo waliojifunzia mtaani. Wawili kati yao wakilipwa posho ya siku mbili kwa muhula, watakwambia ndani ya nusu saa kama wanafunzi hawa wanafanya kazi au wanachora. Watamwangalia kijana anavyoshika tindo tu, watajua.

Na kiwepo kitabu kimoja, daftari la karakana, lenye mambo machache: kila mwanafunzi amekaa mezani saa ngapi wiki hii, ametumia nini, ametengeneza nini, kimekwenda wapi. Kilichotengenezwa nacho kina habari yake. Meza na madirisha yanayotoka kwenye karakana hizi yanaweza kuuzwa na pesa ikarudi kununua vifaa. Yanaweza pia kuondoka usiku kwenye gari la mkubwa. Daftari likiwepo, mzazi aliyeko kwenye bodi ya shule anaweza kuuliza yale madirisha kumi na mawili ya mwezi Machi yako wapi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hufanya ukaguzi wa ufanisi, na ripoti zake hufika bungeni kila Aprili. Akikuta daftari hilo atakuwa na cha kukagua. Bila hilo atakagua stakabadhi za ujenzi, atatuambia jengo lilichelewa, na tutajadili jengo.

Fedha nazo ziufuate mkondo huohuo. Tumeshathibitisha tangu 2016 kwamba Hazina inaweza kutuma pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Basi fungu la vifaa vya fani litumwe hivyohivyo, likiwa na jina lake, lisichanganywe na ruzuku ya chaki, na libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule: zimeingia ngapi, za fani gani, zimenunua nini. Muhula unaofuata utegemee daftari la muhula uliopita. Shule isiyoonyesha saa za karakana ifuatwe kujua kwa nini kabla ya kupelekewa zaidi, na pengine itaonekana kwamba haina mwalimu.

Suala la mwalimu ni zito, na sitalimaliza hapa. Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro hakiwezi peke yake kuandaa wakufunzi wa vyuo vipya vya wilaya na wa sekondari kwa pamoja. Mfumo wetu wa ajira umejengwa juu ya cheti cha ualimu, wakati anayejua kazi yuko kwenye karakana za mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au eneo la Sido la viwanda vidogo, anachomelea mageti na hana cheti hicho. Kumkubali aingie karakana kwa saa, chini ya mwalimu mwenye taaluma ya kufundisha, alipwe kwa saa alizofundisha, ni jambo linalowezekana likiandikwa kwenye kanuni. Shule za binafsi zilizoanza na mkondo huu hazizuiwi na muundo wa utumishi wa umma, na sidhani ni bahati tu kwamba ndizo zilizokuwa nyingi katika kundi la kwanza.

Neno moja kwa wazazi wenzangu, hasa kuhusu mabinti. Nimesikia mama akimwambia binti yake, "Mwanangu, umeme ni wa wavulana, wewe kashone." Binti alikuwa ametengeneza taa ya nyumbani kwao iliyoshindikana. Kama ushonaji anaupenda, aende. Asipelekwe huko kwa sababu ndiyo fani pekee ambayo shule ilinunua vifaa vyake, au kwa sababu tuliona fani nyingine hazimfai kabla ya kumuuliza.

Na muda hautusubiri. Watoto walioanza darasa la tatu Januari 2024 kwa mtaala mpya watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watakuwa wanamaliza la saba. Januari 2028 madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Katika hali kama hiyo najua kitakachoshinda: madarasa, madawati, mabweni. Kila halmashauri itakimbizana na viti, na karakana itaambiwa isubiri.

Mwaka wa fedha utakaowapokea watoto hao unaanza Julai 2027, na bajeti yake itasomwa bungeni Juni mwaka huo. Mbunge wako atakuwa ameketi humo. Vifaa vya karakana viwe na kifungu chake, kilichotenganishwa na ujenzi, chenye idadi ya wanafunzi kwa kila fani na kiwango cha kila fani kwa mwanafunzi. Kikikosekana siku hiyo, mwalimu wa useremala atarudi stoo Jumatatu ya kwanza ya muhula, na atatoka na ubao mmoja.